Si Kila Kilichobadilika Kwenye Taswira Kimebadilika Ardhini

Ramani ya kwanza niliyoitengeneza kwa ajili ya usimamizi wa msitu ilikuwa nyekundu karibu upande mzima wa magharibi, na katika ufunguo wa ramani ile nyekundu ilimaanisha miti iliyotoweka. Nilikuwa nimechukua taswira mbili za satelaiti za mahali pamoja, moja ya zamani na nyingine mpya, nikazilinganisha pikseli kwa pikseli, yaani kimraba kwa kimraba cha vile vinavyounda taswira, na tofauti yote iliyojitokeza nikaiita uharibifu. Nilimkabidhi askari wa msitu ramani hiyo tukiwa tumesimama kwenye njia ya doria, naye akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kuniuliza taswira hizo zilipigwa miezi gani. Nilipomjibu kwamba ya kwanza ilikuwa ya mwisho wa mvua na ya pili ya mwisho wa kiangazi, aliinua mkono na kunionyesha matawi yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Yalikuwa matupu kabisa.

"Mwanangu," alisema, "miti hii haijakatwa. Imepukutisha majani tu, kama inavyofanya kila mwaka. Rudi mvua zikishanyesha, utaiona."

Nilirudi baada ya mvua na nikaikuta miti yote mahali pake, imefunga majani kiasi kwamba anga halikuonekana kutoka chini. Tangu siku ile, kabla ya kuripoti badiliko lolote, hujiuliza kwanza kama kilichobadilika ni ardhi yenyewe au ni namna tulivyoitazama. Swali hilo linaonekana dogo, lakini limechukua sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi, na makosa niliyoyafanya kwa kutoliuliza mapema yaliwagusa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kunisahihisha.

Inafaa nieleze jinsi kosa lile la kwanza lilivyotokea, kwa sababu linatokana na kipimo kinachotumika zaidi katika kazi hii. Jani bichi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, ilhali mwanga wa infraredi ya karibu, ambao macho yetu hayauoni, hurudishwa kwa wingi na tishu za ndani za jani. Ukichukua kiasi cha infraredi kilichorudi, ukakitoa kiasi cha mwanga mwekundu, kisha ukaigawa tofauti hiyo kwa jumla ya viwili hivyo, unapata namba iliyo kati ya hasi 1 na 1, ambayo wataalamu huiita NDVI. Msitu wenye majani mengi huwa na namba kubwa, ardhi tupu huwa na namba iliyo karibu na sifuri, na maji mara nyingi huwa chini ya sifuri. Kwa hiyo NDVI haihesabu miti, bali inaeleza ukijani wa majani katika dakika ile satelaiti ilipopita. Mti uliopukutisha majani na mti uliokatwa vinaweza kutoa namba zinazokaribiana sana, na mimi niliyekuwa nimejifunza hesabu hiyo darasani sikuwa nimejifunza kiangazi cha msitu ule.

Utajiri wa kumbukumbu tulizonazo ni mkubwa, na nadhani watu wengi hawautambui. Satelaiti ya Marekani ya Landsat 1 ilirushwa tarehe 23 Julai 1972 ikiwa na kifaa cha kusoma mwanga katika bendi nne, yaani sehemu nne za mwanga zinazopimwa kila moja peke yake, kilichobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Virginia Norwood, na tangu wakati huo satelaiti za familia hiyo zimepokezana hadi Landsat 9 iliyorushwa Septemba 2021. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa taswira zote za Landsat bila malipo, na Umoja wa Ulaya ukafuata njia hiyo hiyo kwa satelaiti zake za Sentinel. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti ya kuaminika anaweza leo kutazama jinsi Bahari ya Aral, ziwa la Asia ya Kati, ilivyokauka mwaka hadi mwaka, na akitaka atazame bonde analoishi kwa namna hiyo hiyo. Mimi husisimka kila ninapoifungua taswira ya miaka ya sabini. Lakini urefu wa kumbukumbu hiyo ndio unaoleta mtego, kwa kuwa vifaa vilivyoiandika havikuwa sawa. Taswira za mwanzo zilikuwa na pikseli za takriban mita 80, zilizofuata zikawa na za mita 30, na Sentinel-2 ina za mita 10. Bendi ya infraredi ya karibu katika Landsat 8 ni nyembamba kuliko ile ya Landsat 7, na Landsat 7 yenyewe, tangu Mei 2003 sehemu ya kifaa chake ilipoharibika, ilikuwa ikipoteza takriban asilimia 22 ya kila taswira katika michirizi mitupu. Anayeunganisha miaka 50 ya kumbukumbu bila kuzisawazisha tofauti hizi atayaona mabadiliko ya vifaa na kuyasimulia kama historia ya ardhi.

Nililielewa jambo hili kwa uzito wake wote mwanzoni mwa mwaka 2022. Wakati huo nilikuwa nimeandika programu iliyopakua taswira mpya za Sentinel-2 kila zilipotoka, ikakokotoa NDVI na kutuma tahadhari mahali namba iliposhuka ghafla. Asubuhi moja nilikuta tahadhari zimejaa eneo lote. Msitu mzima ulikuwa umedhoofika kati ya taswira mbili zilizopishana siku chache tu, kana kwamba majani yote yalikuwa yamepatwa na ugonjwa usiku mmoja. Wazo langu la kwanza, na ninalikiri, lilikuwa kupiga simu kwa wasimamizi wa hifadhi.

Kilichonizuia ni mwamba. Katikati ya eneo lile kuna mwamba mkubwa usioota kitu, ambao NDVI yake ilikuwa haijasogea kwa miaka yote niliyokuwa na kumbukumbu zake, na siku ile nao ulikuwa umeshuka. Nikaangalia maji ya kina kirefu ya ziwa, nayo yalikuwa yamepanda na kukaribia sifuri. Mwamba hauugui, wala ziwa halioti majani kwa siku tano. Nikarudi kwenye maelezo yanayoambatana na kila faili na kugundua kwamba tangu tarehe 25 Januari 2022 watayarishaji wa data walikuwa wameanza kutumia toleo jipya la uchakataji, ambalo liliongeza 1,000 kwenye namba ya kila pikseli ili thamani ndogo sana zisikatwe, na mtumiaji alitakiwa kuitoa 1,000 hiyo kabla ya hesabu yoyote. Walikuwa wamelitangaza jambo hilo kwa uwazi. Programu yangu haikujua, kwa sababu mimi sikuwa nimesoma.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuonwa. Tuseme pikseli ya msitu ina 300 katika bendi nyekundu na 3,000 katika infraredi ya karibu. Tofauti ni 2,700, jumla ni 3,300, na NDVI ni takriban 0.82, yaani msitu wenye afya njema. Sasa ongeza 1,000 kila upande bila kujua. Tofauti inabaki ile ile 2,700, lakini jumla inakuwa 5,300, na NDVI inashuka hadi 0.51. Hakuna jani hata moja lililoanguka. Namba hiyo ya pili, ikiwekwa kwenye ripoti pamoja na ramani yenye rangi za kutisha, ingetosha kuwafanya watu waandike barua, waitishe vikao na kumtafuta wa kulaumiwa.

Kuanzia hapo, kila eneo ninalolifuatilia lina mashahidi wake, yaani sehemu ambazo nina hakika hazibadiliki: mwamba, uwanja wa lami, paa kubwa, maji ya kina. Kabla sijaamini kwamba msitu umebadilika, nawaangalia mashahidi kwanza. Wakiwa wametulia, naendelea. Wakiwa wamesogea nao, naacha kila kitu na kutafuta kosa katika data au katika kazi yangu mwenyewe.

Kosa linaloniuma zaidi, hata hivyo, halikuhusu rangi wala majani, bali lilihusu mahali. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuweka mpaka wa hifadhi juu ya taswira ili kubaini mashamba yaliyoingia ndani. Viwianishi vya mpaka, yaani namba za latitudo na longitudo, vilitoka kwenye ramani ya karatasi ya zamani, nami nikavichapa katika programu ya ramani na kuvichukulia kuwa vya WGS84, ambayo ndiyo datumu inayotumiwa na GPS, yaani msingi ambao latitudo na longitudo hupimwa kutoka kwake. Upande mmoja wa hifadhi, msururu mzima wa mashamba ulionekana umeingia ndani ya mpaka. Niliyapima, nikayajazia rangi, nikaandika ukubwa wake katika hekta hadi sehemu mbili za desimali, na orodha ikaenda kwa wahusika. Wenye mashamba wakaambiwa kwamba wamevamia.

Wiki chache baadaye nilitumwa huko kuhakiki. Mama mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye shamba lake lilikuwa kwenye orodha yangu, hakubishana nami. Aliniongoza kimya kimya hadi ukingoni mwa shamba, akafyeka nyasi kwa panga, na ikatokea nguzo fupi ya zege yenye namba iliyochongwa juu yake, imeota kuvu upande wa kivulini.

"Mama, jiwe hili limekuwa hapa tangu lini?" nilimuuliza.

"Nililikuta," alijibu. "Na shamba langu halijawahi kulivuka. Wewe umelipima kutoka wapi?"

Niliweka kifaa cha GPS juu ya ile nguzo, nikasubiri namba zitulie, na kuilinganisha na sehemu ambayo nguzo hiyo hiyo ilikuwa imekaa kwenye ramani yangu. Zilipishana kwa mamia ya mita. Kila nchi ilipopimwa zamani, wapimaji walichagua umbo la dunia na mahali pa kuanzia palipowafaa, hivyo latitudo na longitudo zile zile zinaweza kumaanisha sehemu mbili tofauti kulingana na datumu iliyotumika. Ramani ya karatasi ilikuwa imeiandika datumu yake pembeni, kwa herufi ndogo, na mimi sikuisoma. Niliporudi kwenye kompyuta niliona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu mwanzo: upande wa pili wa hifadhi, msitu ulikuwa umetoka nje ya mpaka kwa umbali ule ule na kuelekea upande ule ule. Uvamizi wa kweli hauendi hivyo. Watu huingia hapa na pale, kandokando ya njia na mito, kwa vipande visivyolingana, na hakuna mvamizi anayeusukuma msitu utokeze upande wa pili.

Orodha ilifutwa na marekebisho yakatumwa, lakini nilirudi kwa miguu kuwaeleza watu wale kwamba kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilihisi kwamba barua peke yake haikutosha. Tangu hapo sikubali kuchora mpaka juu ya taswira yoyote kabla ya kusimama kwenye nguzo tatu au nne za mpaka huo nikiwa na kifaa mkononi. Ningependa kila anayefundisha fani hii alifanye zoezi hilo kuwa somo la kwanza, kabla hata ya rangi za taswira.

Mawingu nitayapitia kwa ufupi, ingawa ndiyo malalamiko ya kwanza ya kila mwanafunzi. Mahali penye mvua nyingi, satelaiti zinazotegemea mwanga wa jua zinaweza kupita miezi bila kuiona ardhi, na hapo rada ya Sentinel-1 ni msaada mkubwa, kwa sababu mawimbi yake ya takriban sentimita 5.5 hupenya wingu na hufanya kazi usiku na mchana. Lakini rada ina lugha yake. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwa kuwa huakisi mawimbi kwenda mbali na satelaiti. Upepo ukiyachafua, hung'aa na kufanana na nchi kavu, na mchanga mkavu uliosawazika nao huweza kuwa mweusi kama maji. Mafuriko chini ya miti ndiyo yanayowadanganya wengi, kwani mawimbi hudunda kwenye maji, kisha kwenye shina, na kurudi na nguvu zaidi, hivyo sehemu iliyojaa maji ikang'aa kuliko ilivyokuwa kabla ya mafuriko. Kwa moto, neno moja tu: alama ya moto inayotokana na VIIRS, kifaa cha satelaiti kinachotambua moto, ni katikati ya pikseli yenye upana wa mita 375, na moto wenyewe unaweza kuwa popote ndani yake, pengine hata ng'ambo ya kilima. Askari wa doria wakielezwa hivyo kabla ya kuondoka, hawarudi wakiwa wamekata tamaa.

Jambo ninalotaka kulikalia zaidi ni la takwimu, kwa kuwa hapa ndipo ramani nzuri huzaa maamuzi mabaya. Chukulia eneo la hekta 100,000 ambalo kwa kweli limepoteza hekta 1,000 za msitu, na programu inayokosea asilimia 2 tu ya sehemu zisizobadilika. Asilimia 2 ya hekta 99,000 ni hekta 1,980. Hata programu hiyo ikiupata upotevu wote wa kweli bila kuacha hata kipande, ramani itaonyesha hekta 2,980, na karibu theluthi mbili ya rangi nyekundu itakuwa ya uongo. Kadiri badiliko linavyokuwa dogo kulingana na eneo lote, ndivyo makosa madogo yanavyolimeza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikihesabu pikseli nyekundu, nikizizidisha kwa ukubwa wake na kuripoti jibu kama ukweli. Sasa ninachagua sampuli ya sehemu kwa bahati nasibu, ndani na nje ya nyekundu, ninazikagua moja moja kwa taswira kali zaidi au kwa kwenda mwenyewe, na makadirio ya eneo huyatoa kwenye sampuli hiyo pamoja na kiwango cha shaka yake. Wakubwa hawakupenda kuona "kati ya hiki na kile" badala ya namba moja. Nilishikilia, na wamezoea.

Katika hili nimejifunza mengi kutoka Brazil, ambako taasisi ya taifa ya utafiti wa anga, INPE, imekuwa ikipima ukataji wa msitu wa Amazon kila mwaka tangu 1988 kwa mradi unaoitwa PRODES, na mwaka 2004 ikaanzisha mfumo wa pili, DETER, kwa ajili ya tahadhari za haraka. Walitenganisha kazi mbili ambazo mimi nilikuwa nikizichanganya. Tahadhari inatakiwa kufika mapema, hata ikiwa na makosa, ili mtu aende kutazama, ilhali takwimu ya mwaka inaruhusiwa kuchelewa ili iwe sahihi. Nilipoacha kujumlisha tahadhari na kuziita eneo lililoharibiwa, mabishano kati ya ofisi na walioko uwanjani yalipungua sana.

Tahadhari za kweli zipo, na zinapokuja huwa na sura yake. Ya mwisho niliyoifuatilia ilikuwa kipande kidogo kandokando ya kijito, kisichozidi pikseli chache za mita 10. Mashahidi walikuwa wametulia. Tahadhari ilikuja katikati ya msimu wa majani, rada nayo ilionyesha kupungua kwa mawimbi yanayorudi, na taswira mbili zilizofuata zilisema vile vile. Tulikwenda watatu. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu, unga wa msumeno ulikuwa umelowa kwenye matope, na maji ya kijito yalikuwa yamegeuka rangi kuanzia hapo kuteremka. Hatua zilichukuliwa, na ukingo ukaachwa upumzike.

Nimeendelea kukifuatilia kipande hicho. Baada ya misimu miwili ya mvua NDVI yake ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa kabla ya msumeno, na mtu anayetazama mchoro wa namba hizo peke yake angeona bonde dogo lililojaa na kusawazika. Nilipofika tena, nilikuta nyasi ndefu na magugu yaliyonifika kifuani, mabichi sana, bila mti hata mmoja unaopita bega langu. Kipimo kilikuwa kimesoma ukijani kwa usahihi. Kivuli juu ya maji hakikuwa kimerudi, wala mizizi iliyokuwa ikishikilia ukingo. Kwa hiyo tumesimamisha pale fito zenye alama za sentimita, na kila mwisho wa mvua mmoja wetu huenda kupima urefu wa miche inayochipua kati ya nyasi, akaandika namba hizo kwenye daftari na kuziweka kando ya zile za satelaiti. Mche mrefu kuliko yote, tulipoupima mara ya mwisho, ulikuwa na sentimita 64.